Waya wa ubongo kwa ajili ya unene: namna ya kuamua ukiwa Dodoma

Kwenye kliniki ya sukari na presha ninakofanya kazi, hapa Dodoma, kuna swali jipya siku hizi. Zamani mtu mwenye uzito mkubwa alikuwa anauliza habari za siki, tangawizi au majani ya kuchemsha. Sasa anafungua simu, ananionyesha video ya mgonjwa wa Marekani aliyewekewa waya kichwani, kisha anasema: "Sista, hii ya ubongo naipataje?" Na si udadisi tu. Mzee mmoja anayefanya biashara ya mahindi Kibaigwa alikuwa ameshapata mteja wa kiwanja chake cha Nala, ili hela iende kwenye tiba hiyo nje ya nchi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na wenzake. Kabla ya kuhamia kliniki ya sukari nilikuwa muuguzi kwenye wodi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kichwa, Dar es Salaam. Vidonda vya fuvu nimevisafisha, na ndugu wa mgonjwa wakisubiri koridoni nimekaa nao. Kwa hiyo upande wa unene naujua, na upande wa kisu naujua pia. Msimamo wangu nauweka mbele: wanaotafuta chanzo cha unene ndani ya ubongo wanatafuta mahali sahihi, na mtu mnene anastahili kulijua hilo ili aitue aibu aliyobebeshwa. Lakini kwa unene, kifaa hiki bado kiko kwenye utafiti. Mlango wa utafiti upo, una taratibu zake, na hauhitaji uuze kiwanja.

Jua kwanza kifaa chenyewe

Madaktari wanakiita DBS. Ni waya mwembamba, unene wake ni milimita moja na kidogo, ambao ncha yake ina vituo vidogo vya kutoa umeme. Daktari wa upasuaji anatoboa tundu kwenye fuvu na kuuingiza waya mpaka sehemu iliyopimwa kwa picha za MRI. Waya unapita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, unashuka shingoni hadi kwenye betri iliyofukiwa chini ya mtulinga, yaani mfupa wa juu ya kifua. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati waya unaingizwa, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu na madaktari wanataka kuona anavyoitikia. Ngozi na fuvu hupigwa ganzi. Betri huwekwa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi.

Upasuaji ukiisha kazi haijaisha, na hili video hazilionyeshi. Wiki chache baadaye kinawashwa, halafu inaanza safari ya kurekebisha: umeme kiasi gani, mara ngapi kwa sekunde, kutoka kituo kipi cha waya. Marekebisho hayo yanaweza kuchukua miezi, na kila mara mgonjwa anakaa mbele ya mtaalamu mwenye kompyuta ya kifaa hicho.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, waliianza mwaka 1987 kwa wagonjwa wanaotetemeka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa ugonjwa wa kutetemeka mwaka 1997, na kwa ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, mwaka 2002. Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa hiki kinatumika duniani na kimesaidia watu wengi, hajakudanganya. Muulize swali la pili: kimeidhinishwa kwa ugonjwa upi? Kwa unene, mamlaka hiyo haijakiidhinisha. Anayekiuza kama tiba ya kawaida ya unene, akupe bei na tarehe ya safari, huyo muage kwa heshima.

Kuna jambo jingine la kushangaza ambalo mtu mwenye uzito inafaa alijue. Wagonjwa wengi wa Parkinson waliowekewa waya kwenye sehemu inayowasaidia kutembea na kutulia mikono, wameongezeka uzito baada ya upasuaji. Kwa hiyo "umeme wa ubongo" hauna tabia moja ya kupunguza mwili. Kila kitu kinategemea waya umefika wapi.

Waliojaribiwa ni akina nani, na nini kiliwapata

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo uamuzi unapokaa.

Katikati ya chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Inapima njaa, kiu, joto la mwili na mengine mengi. Mwaka 1940 watafiti Hetherington na Ranson waliharibu eneo dogo la haipothalamasi za panya, na panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaharibu eneo la pembeni yake, na panya wakaacha kula. Tangu hapo watu wakajiuliza: je, tukiigusa haipothalamasi ya binadamu mnene? Madaktari wa Denmark walijaribu mapema miaka ya 1970 kwa wagonjwa wachache, matokeo yakawa madogo na ya kupita.

Mwaka 2008 kundi la Profesa Andres Lozano, Toronto, Kanada, liliandika kuhusu mwanamume wa miaka 50 mwenye kilo 190. Waya ulikwenda kwenye haipothalamasi kwa lengo la kupunguza hamu ya kula. Ulipowashwa, yule bwana akaanza kukumbuka kwa uwazi siku moja ya ujana wake akiwa na marafiki bustanini. Uzito haukuwa habari tena. Utafiti ule ukageukia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ninawasimulia wagonjwa habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi mitaa ya ubongo ilivyobanana: unalenga njaa, unagusa kumbukumbu.

Mwaka 2013 madaktari wa West Virginia, Marekani, walichapisha habari za watu watatu. Wote walikuwa wameshafanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito na haukuwatosha. Lengo kuu lilikuwa usalama, na madhara makubwa hayakutokea. Uzito uliwashuka kwa mwelekeo fulani pale wataalamu walipochagua vituo vya waya vilivyoongeza kasi ya mwili kutumia nishati, lakini watu watatu ni watatu. Mwaka 2018 Wabrazili wakatoa matokeo ya wagonjwa wanne wenye Prader-Willi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaomfanya mtu asishibe kabisa. Waya uliwekwa kwenye haipothalamasi. Uzito haukupungua.

Njia ya pili inalenga sehemu nyingine, inayoitwa nyukliasi akambensi, ambayo inahusika na raha na tamaa. Njaa ya tumbo inaisha ukishashiba. Tamaa inaweza kukurudisha jikoni ukiwa umeshiba, na dopamini, kemikali ya ubongo inayofanya kazi kwenye akambensi, ni sehemu ya sababu. Mwaka 2010 madaktari wa Amsterdam waliripoti mwanamke aliyewekewa waya hapo kwa ajili ya maradhi ya wasiwasi wa kurudiarudia mambo. Bila kutarajiwa akaacha sigara na mwili ukapungua. Mwaka 2022 kundi la Dk. Casey Halpern wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania likachapisha habari za wanawake wawili waliokuwa wakishindwa kujizuia mbele ya chakula. Kifaa chao kilikuwa cha aina tofauti: kilisikiliza kwanza ishara ya akambensi inayotokea tamaa inapopanda, ndipo kikatoa umeme kwa muda mfupi. Kwa miezi sita vipindi vya kula bila kujizuia vilipungua na uzito ukashuka kidogo. Video nyingi za simuni zinatokana na habari hii.

Wagonjwa wawili. Yule mzee wa Kibaigwa nilipomwambia idadi hiyo alikaa kimya, akavua kofia, akasema, "Wawili tu, sista? Mimi nilidhani ni hospitali nzima." Kiwanja cha Nala bado anacho.

Pima kilichopo kabla ya kuwaza kichwa

Hata kama siku moja utapelekwa kwenye utafiti wa aina hii, mambo haya watakuuliza. Afadhali uyafanye hapahapa, na mengi yake yanafanyika kwenye kituo cha afya cha karibu.

Anza na BMI. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 128 mwenye urefu wa mita 1.62 anapata 48.8. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene, kuanzia 40 ni unene mkali. Tafiti za waya zimewahusu zaidi watu wa kundi hili la mwisho, ambao njia nyingine zimeshindikana. Kama BMI yako ni 31, habari hii haikuhusu, na nakuomba uifunge hiyo video ukashughulikie yaliyo mbele yako.

Halafu mwaga vidonge vyote mezani. Zipo dawa zinazonenepesha, na mtu anaweza kuwa anazimeza kila siku huku akijilaumu kwa ugali. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama olanzapine. Dawa ya kifafa ya valproate. Prednisolone na dexamethasone. Insulini na glibenclamide kwa wenye sukari. Amitriptyline wanayopewa wenye maumivu ya mishipa. Kwa baadhi ya wanawake, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Wala usiache kwa amri yako mwenyewe: prednisolone ikikatwa ghafla inaweza kukuangusha, na dawa ya kifafa ikikatwa degedege linarudi. Mwonyeshe daktari, aone kama kuna mbadala.

Na dada zangu, tuseme wazi. Kuna vidonge vya "kuongeza mwili" vinavyouzwa kwa kificho, saluni na mitandaoni. Vingine vina cyproheptadine, ambayo inapandisha hamu ya kula, na vingine vina dexamethasone. Nimepokea binti aliyevinywa kabla ya harusi, na mwaka uliofuata akawa anatafuta namna ya kushusha kilichopandishwa. Ukivitumia, mwambie daktari. Hatukuhukumu, tunataka kujua tunapigana na nini.

Mengine ni ya haraka: kipimo cha sukari, presha, mafuta kwenye damu, homoni ya tezi ya shingo. Na muulize mwenzako wa chumbani kama unakoroma na pumzi zinakatika usingizini. Kukatika pumzi kunamchosha mtu mchana, kunaongeza hamu ya kula, na kunafanya usingizi wa upasuaji wa aina yoyote uwe wa hatari zaidi.

Daftari la usiku na mchana

Kama kuna sehemu moja tu utaifanya kwenye mwongozo huu, fanya hii. Waya wa akambensi umejaribiwa kwa watu wenye tatizo maalumu la kula bila kujizuia. Wanene wengi hawana tatizo hilo. Wanakula kidogokidogo mchana kutwa, au wanakunywa sukari nyingi, au wanakaa ofisini Mtumba kuanzia asubuhi hadi jioni na kurudi kwa gari. Na wapo wembamba walio nalo. Bila kujua wewe ni yupi, hata tiba za kawaida utazichagua kwa kubahatisha.

Nunua daftari dogo la shule. Kila ukila, andika saa, ulichokula, ulikuwa na nani, na njaa yako kabla ya kula kwa namba kutoka 0 hadi 10. Kisha andika jambo moja zaidi: ungeweza kuacha ukitaka? Andika ndiyo au hapana. Usiandike gramu wala kalori. Watu wengi huacha daftari kwa sababu ya hesabu, na kwa kazi hii hesabu haihitajiki. Endelea kwa wiki kadhaa, zikiwemo wikiendi, sherehe na mwisho wa mwezi mshahara unapoingia.

Tunachotafuta ni vipindi vya namna hii: ndani ya saa mbili hivi mtu anakula chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula kwa muda huo, na anahisi hawezi kusimama. Anakula harakaharaka, anakula bila njaa, anakula mpaka tumbo linauma, anajificha, na akimaliza anajichukia. Vikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ni ugonjwa unaotambulika kitaalamu, na una tiba.

Mama mmoja anayeuza vitenge Soko la Majengo aliniletea daftari lake akiwa ameliviringisha ndani ya khanga. Alikuwa ananiambia kila mwezi, "Mimi sili, sista, nahisi ni damu yangu." Na mchana kweli halikuwa na kitu: chai kavu asubuhi, kipande cha muhogo saa nane. Saa tano usiku, watoto wakishalala, ndipo orodha ilipoanza. Ubwabwa uliobaki, mikate, sukari kwa kijiko, karanga za biashara ya binti yake. Kwenye ile safu ya "ungeweza kuacha" aliandika hapana, hapana, hapana. Hakuwa mwongo aliposema hali. Mwili ulioshindishwa njaa kutwa unadai usiku, na kwake dai hilo liliambatana na msiba ambao hakuwahi kuulilia. Tulianza kwa kumrudishia chakula cha mchana, ugali wa uwele na mlenda, sahani ya kueleweka, saa saba. Vipindi vya usiku vilipungua kabla hatujagusa kitu kingine chochote. Halafu tukampeleka kwa mtaalamu wa saikolojia.

Hapo kuna kikwazo cha kwetu, nakigusa kwa sababu nakiona kila wiki. Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na watu wa hapa wamekulia wakitishana kwa jina hilo. Mtu yuko tayari kutobolewa fuvu ughaibuni, lakini hayuko tayari kuonekana akishuka bajaji kwenye geti la Mirembe. Ndugu yangu, kula bila kujizuia ni jambo la ubongo na hisia. Ndiyo maana wanasayansi wanapeleka waya kule. Mazungumzo ya kitaalamu, yale ya kupanga upya mawazo na mazoea kwa vikao vya mfululizo, yamefanyiwa utafiti kwa watu wengi na yanapunguza vipindi hivi bila kutoboa chochote. Unaweza kuyapata pia kwenye idara za afya ya akili za hospitali nyingine kama jina la Mirembe linakupa shida. Ila nenda.

Ngazi zilizo kati yako na upasuaji wa kichwa

Ngazi ya chakula nitaipita upesi, si kwa kuidharau, ila umeisikia. Kwa mtu wa hapa ninasisitiza vitu viwili. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Anayekunywa mbili kwa siku aanze hapo kabla hajagusa ugali. Na chipsi mayai ya jioni iwe ya siku moja moja, isigeuke chakula cha jioni cha nyumba. Mlenda, mchicha, kunde, uwele na mtama ni vya kwetu, bei yake inaeleweka, na vinashibisha muda mrefu. Ukishusha asilimia 5 hadi 10 ya uzito, sukari na presha vinaanza kuitikia. Kwa yule wa kilo 128, asilimia 5 ni kilo 6.4. Wala usisubiri upungue nusu ndipo ufurahi.

Ngazi ya pili ni dawa. Sindano ya semaglutide, inayochomwa mara moja kwa wiki, ilipunguza wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito kwa wiki 68 katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi. Linganisha na yale ya waya: huku ni watu karibu elfu mbili, kule wawili, watatu, wanne. Sindano hizi ni ghali na wengi wakiziacha uzito unarudi, kwa hiyo piga hesabu ya miaka, usipige ya mwezi mmoja. Zinunuliwe kwa cheti cha daktari, duka la dawa lenye kibali. Usizichukue kwa mtu anayezitoa kwenye begi bila barafu.

Ngazi ya tatu ni tumbo. Mloganzila, Dar es Salaam, wameshatoa huduma ya puto, linalowekwa tumboni kwa mpira wenye kamera bila kupasua, likakaa miezi kadhaa na kutolewa. Upo pia upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe, ambao kwa mtu mwenye BMI ya 40 na zaidi ndiyo tiba yenye matokeo makubwa yanayodumu. Una gharama zake: vitamini za kudumu, kliniki za kudumu, chakula kidogo kwa mpangilio. Lakini kwa treni ya SGR unakwenda Dar na kurudi, na daktari wako unaye ndani ya nchi. Wale watatu wa West Virginia walipita ngazi hii kwanza. Mtu anayeiruka ili aende kwenye waya amepanga foleni kinyume.

Ukialikwa kwenye utafiti

Tuseme umepita ngazi zote, BMI yako bado iko juu ya 40, daftari lako limejaa "hapana", na mtu anakuambia kuna utafiti unaotafuta washiriki. Usikatae kwa woga. Utafiti unahitaji watu, na watu wetu wana haki ya kushiriki kama wengine. Ila omba vitu kwa maandishi.

Omba namba ya usajili. Utafiti halali wa tiba husajiliwa hadharani. Wa Marekani na nchi nyingi huonekana kwenye ClinicalTrials.gov na namba yake inaanza na herufi NCT, na wa Afrika unaweza kuwa kwenye rejesta ya PACTR. Ingiza namba hiyo mwenyewe, usitosheke na picha uliyotumiwa WhatsApp. Angalia jina la ugonjwa, umri na BMI wanayoitaka, na kama bado wanapokea watu. Ukiwa wa kufanyika Tanzania, lazima uwe na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Daktari anayejitambulisha, tafuta jina lake kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Omba kujua nani analipa. Kwenye utafiti wa kweli, kifaa na upasuaji unaojaribiwa kwa kawaida mshiriki hatozwi. Ukitajiwa dola elfu kadhaa za "kushikilia nafasi", simama hapohapo.

Uliza wanalenga sehemu gani ya ubongo na kwa nini kwako wewe. Kama daftari lako linaonyesha huna vipindi vya kushindwa kujizuia na wao wanalenga akambensi, waeleze, wasikilize jibu. Uliza pia uzito wa mwisho unaobebwa na meza ya MRI na meza ya upasuaji, maana kila meza ina kikomo, na mtu anaweza kusafirishwa bure.

Uliza hatari bila kuona haya. Damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo wakati waya unapita. Hutokea kwa wachache, kama mmoja au wawili katika mia, lakini anayepatwa anaweza kupooza au kupoteza usemi. Vidudu vinaweza kuingia kwenye kidonda au kwenye mfuko wa betri, na mara nyingi hapo kifaa lazima kitolewe. Wodini nilikuwa nawaambia wauguzi wapya kwamba kidonda cha kichwa kinachotoa majimaji hakisubiri asubuhi, daktari anaamshwa. Mwenye sukari isiyotulia anapata vidudu kwa urahisi zaidi, na wagonjwa wangu wengi wanene wana sukari. Umeme wenyewe unaweza kubadilisha hisia: furaha isiyo na breki, hasira, huzuni nzito. Mwenzako wa nyumbani aambiwe dalili hizo, kwa sababu mwenyewe unaweza usizione.

Kuishi Dodoma na betri kifuani

Hapa ndipo watu wengi hawajafika kimawazo. Betri isiyochajiwa huisha baada ya miaka michache, mara nyingi kati ya mitatu na mitano, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Ya kuchajiwa hudumu zaidi ya hapo, ila inataka chaja na umeme wa uhakika. Ukiishi kitongoji cha Bahi au Mpwapwa kisichofikiwa na umeme, sema mapema.

Fizio wa mtaani anayetumia mashine ya joto la mawimbi ya umeme asikuguse nayo kabisa. Joto hilo linaweza kupita kwenye waya na kuunguza ubongo. MRI utapigwa kwa masharti ya mtengenezaji tu, kwa hiyo kadi ya kifaa ikae kwenye pochi, nakala yake iwe kwa mwenzi au mtoto mkubwa. Kwenye geti la ukaguzi, iwe uwanja wa ndege au ukienda Bungeni kutembelea, onyesha kadi kabla hujapita. Ukipata ajali ya bodaboda na ukaletwa mapokezi hujitambui, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Na marekebisho? Kama mtaalamu wa kifaa yuko Philadelphia, Marekani, kila badiliko la umeme ni viza, nauli na wiki ya kulala kwa watu. Uliza kama kuna mtaalamu wa karibu aliyekubali kukuhudumia, na jina lake liandikwe.

Siku ya kusaini

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili. Ichukue, nenda nayo nyumbani, usisaini kwenye meza ileile uliyopewa. Isome na mtu mwenye ubishi kwenye ukoo wenu, shangazi au mjomba ambaye huwa haridhiki haraka, umwachie aweke alama za kuuliza pembeni. Tafuta sehemu inayosema unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu mengine. Tafuta sehemu ya fidia ukidhurika. Halafu tafuta majibu ya maswali matatu ambayo fomu nyingi huyapitia juujuu: utafiti ukifungwa mapema, betri ikiisha nani atalipia nyingine, nikitaka kifaa kitolewe, nani atakitoa na wapi, na nikipata homa au kidonda kikivimba nikiwa Dodoma usiku, nampigia nani, kwa namba ipi. Kama jibu halimo, waombe waliandike kwa kalamu, waweke sahihi na tarehe, na nakala ukae nayo wewe.